Malengelenge ya Sehemu za Siri kwa Mjamzito na Kinga ya Mtoto Mchanga
Mada kwa watoa huduma za afya ya mama na mtoto, Shelui, Wilaya ya Iramba

Malengelenge ya sehemu za siri huletwa na virusi vya hepesi vya aina mbili. Aina ya pili ndiyo iliyozoeleka. Ya kwanza, ile ya vidonda vya midomoni, nayo hufika huko. Virusi hivi vikishaingia hujificha kwenye mishipa ya fahamu maisha yote, na huweza kuambukiza hata pasipo kidonda. Wengi walio navyo hawajui.

Kinachoamua usalama wa mtoto ni wakati mama alipoambukizwa. Aliyekuwa navyo kabla ya mimba amekwisha kujenga kinga, na mtoto huipata kupitia kondo la nyuma. Malengelenge yakimrudia wakati wa kujifungua, hatari kwa mtoto haizidi asilimia 3. Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imekomaa hana kinga ya kumpa mtoto, na hatari hupanda hadi asilimia 30 au hata 50. Hivyo mama anayefika kliniki na hofu ya ugonjwa wake wa miaka mingi anastahili kutulizwa. Wa kulindwa zaidi ni yule asiyewahi kuugua ilhali mwenzi wake ana virusi.

Shelui iko chini ya mlima Sekenke, kwenye barabara kuu ya Singida hadi Nzega, penye malori na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Waume wengi hukaa mbali na nyumbani, kwa hiyo ushauri uwafikie wote wawili: miezi mitatu ya mwisho ni ya kondomu au kujizuia, na ngono ya mdomo ihesabiwe humo. Vidonge havichukui nafasi ya kondomu. Utafiti uliochapishwa 2008, uliofanyika kaskazini-magharibi mwa Tanzania kwa wanawake wanaofanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni, ulionyesha kuwa asiklovia ya kila siku haikupunguza maambukizi mapya ya VVU, ingawa hepesi huyarahisisha.

Mjamzito mwenye kidonda atibiwe kaswende pia. Kwa malengelenge ya mara ya kwanza, asiklovia miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku 7 hadi 10. Kuanzia wiki ya 36, dozi hiyohiyo huendelea hadi kujifungua ili kuzuia yasirudi.

Uchungu ukianza, mkunga aulize kuhusu mchomo au muwasho na akague kwa mwanga wa kutosha. Vidonda vikiwapo, upasuaji ndio salama zaidi, hasa kwa aliyeambukizwa karibuni. Rufaa itolewe mapema, ikiwezekana kabla chupa haijapasuka. Visipokuwapo, historia pekee si sababu ya kumpasua mama. Kwa anayejifungua kawaida, chupa isipasuliwe bila sababu ya lazima.

Mtoto hudhihirisha dalili ndani ya wiki nne za kwanza: malengelenge ya ngozi, macho mekundu, kukataa ziwa, kulegea, homa au mwili kupoa, degedege. Wengine hawapati lengelenge hata moja, wakadhaniwa wana maambukizi ya bakteria, na siku za thamani zikapotea. Ugonjwa ukienea mwilini bila tiba, huua zaidi ya watoto 8 kati ya 10. Asiklovia ya mshipani, miligramu 20 kwa kila kilo kila baada ya saa 8, ianze bila kungoja majibu: siku 14 kwa ugonjwa wa ngozi, macho na mdomo, siku 21 ukiwa umefika kwenye ubongo au umeenea mwilini.

Takriban mtoto mmoja kati ya kumi walioambukizwa hupata virusi baada ya kuzaliwa, hivyo mwenye kidonda mdomoni, hata bibi, asimbusu mtoto. Kunyonyesha kuendelee, isipokuwa kwenye titi lenye kidonda.