Ubora wa Hospitali na Hali ya Wanaotuhudumia

Ndugu watumiaji wa huduma, tumeombwa tueleze namna ya kudai huduma bora hospitalini. Tutaanza na upande usiosemwa sana, ule wa anayekuhudumia.

Mwaka 2007 Wizara ya Afya, kwa msaada wa shirika la JICA la Japani, ilianzisha katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mpango ujulikanao kama 5S-KAIZEN-TQM. Chimbuko lake ni viwanda vya Japani, nao ulikuwa umekwisha kutumika katika hospitali ya wanawake ya Castle Street, Colombo, nchini Sri Lanka. Hatua zake tano za mwanzo zilipewa majina ya Kiswahili yasiyosahaulika: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia.

Ni jambo dogo? Mtazameni muuguzi wa zamu ya usiku anayetafuta faili katika kabati lisilo na mpangilio. Mgonjwa anazidiwa, ndugu zake wanafoka, naye hajakosa lolote. Kabati hilo likipangwa na kuwekewa alama, kinachopungua si dakika za kusubiri pekee, bali pia hofu, uchovu na maneno makali ya pande zote mbili. Na hudumu zaidi pale ambapo waliolipanga ni wauguzi wenyewe, kupitia timu ya uboreshaji kazi ya wodi yao. Mtu hulinda alichokiamua.

Lakini mpango huohuo waweza kugeuka mzigo. Katika kituo kimoja tulichokitembelea, tulioneshwa fomu za ukaguzi zilizokwisha kujazwa hadi siku ambayo ilikuwa haijafika. Muuguzi aliyetuongoza alicheka, kisha akatueleza kwamba fomu hizo huzijaza baada ya zamu, na kwamba ameomba glovu mara kadhaa asijibiwe. Hatukuweza kumlaumu. Ubora unaoamriwa kutoka juu, bila vifaa na bila kusikilizwa, humzoeza mhudumu kuilinda karatasi kuliko kumlinda mgonjwa.

Ndiyo maana twawasihi, mnapolalamika, mlieleze tukio: siku, saa, dirisha, mlichoambiwa na mlichokikosa. Mkiandika kwamba wauguzi wa hapa ni wakali, huenda mmoja akaonywa na mambo yakaishia hapo. Mkiandika kwamba faili lilitafutwa kwa muda wa saa mbili, mmeielekeza timu kwenye kabati. Ulizeni pia sanduku la maoni hufunguliwa lini, na nani, na majibu hubandikwa wapi. Na anayewahudumia vyema, mwandikeni vilevile. Sifa ni adimu mno katika masanduku hayo.

Hata hivyo uchovu si kibali cha kila jambo. Matusi, kudaiwa rushwa, au kuachwa bila huduma wakati wa dharura si habari za kabati. Hayo mpelekeeni mganga mfawidhi kwa maandishi, siku hiyohiyo ikiwezekana, nanyi mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.