Jani la Tatu



Kila mwaka bonasi ya chai itangazwapo ikawa ndogo, neno moja husikika Kianjokoma yote: "Wametuibia." Twaomba ruhusa ya wazee tuulize, hao "wao" ni nani?

Babu zetu walikuwa na haki ya kusema hivyo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930 Mwafrika wa Embu hakuruhusiwa kupanda kahawa katika shamba lake; na ruhusa ilipotolewa, ilikuwa ya miche michache, chini ya jicho la Bwana Shamba. Asiyepewa nafasi ya kuchagua atalaumiwa kwa lipi? Lakini tangu mwaka 2000, Serikali ilipojitoa katika shirika la chai, viwanda ni mali ya wakulima wenye hisa, na wakurugenzi twawapigia kura wenyewe. Uamuzi umetuhamia, lawama imebaki kule kule.

Sababu yake, kwa maoni yetu, i katika kituo cha kupimia. Kila mchumaji ajua kwamba kiwanda chataka majani mawili na chipukizi. Jani la tatu, lile gumu, huongeza uzito, na malipo ya mwezi hufuata uzito. Faida humfikia mwenye kikapu peke yake. Lakini likishapimwa, jani lile huchanganywa na ya majirani, hukaushwa pamoja nayo, na chai hupelekwa mnadani Mombasa bila jina la mtu. Bei ikishuka, hasara ni ya wote. Nani basi atasema, "Ni jani langu"? Hata mwenyewe halitambui tena.

Bei hushuka kwa sababu nyingine pia, wala hatusemi kwamba wakurugenzi wasiulizwe. Na waulizwe sana.

Wazee wakumbuka desturi ya ukoo. Mtu akiua, ukoo mzima ulitoa mifugo ya fidia. Vijana wengine hudhani hiyo ilikuwa njia ya kumficha mkosaji. Sivyo. Kwa kuwa wote walilipa, wote walimchunga. Alijulikana kwa jina lake na la babake, na alionywa kabla mambo hayajaharibika. Kituoni imeshikwa nusu ya desturi hiyo, yaani kulipa pamoja, na ile ya kuchungana ikaachwa.

Kamati yaomba kila kituo kiwe na wazee wawili wa zamu kwenye meza ya kuchambulia, karibu na karani wa mizani. Mwenye majani magumu ayachambue papo hapo, mbele ya foleni. Akina mama, wanaojua uchumaji kuliko sisi tuliovaa makoti, wawemo katika zamu. Wengine watanung'unika kwamba lori halingoji. Ni kweli, halingoji. Basi atakayeichelewesha foleni atasikia maneno ya jirani zake kabla ya kusikia ya kiwanda. Majina ya zamu ya kwanza yataandikwa leo, kabla chai haijaletwa.