Minyoo katika Samaki: Kosa Letu la Semina



Ndugu wanakamati na wafadhili wetu, katika semina iliyopita tulitupa beseni zima la samaki, kwa kuwa mpishi aliona minyoo myeupe iliyojiviringisha ndani yake. Mama aliyetuuzia tukamnyima malipo. Tulikosea.

Minyoo haikutokana na uchafu wake. Mnyoo uitwao anisakisi hukomaa tumboni mwa nyangumi na pomboo. Mayai hutoka na kinyesi, viluwiluwi huanguliwa majini na kumezwa na vijidudu mfano wa uduvi. Hao huliwa na samaki na ngisi, samaki mdogo huliwa na mkubwa, na mnyoo haufi, huhama tu. Ndiyo maana samaki mkubwa hukusanya mingi, mpaka pomboo amle na safari ianze upya.

Hatari ni kumla mbichi. Uholanzi, mwaka 1960, wataalamu waligundua kuwa mnyoo huu uliwaumiza matumbo watu waliokula heringi wa chumvi kidogo. Mwaka 1968 sheria ikaagiza wagandishwe kwanza. Ndimu na siki hazitoshi. Moto unatosha, mradi mnofu uive hadi ndani. (Wachache hupata mzio hata akiwa amepikwa.)

Basi samaki watolewe matumbo mapema, kwani wakishakufa baadhi ya minyoo huhamia kwenye mnofu. Matumbo yafukiwe, yasirudishwe baharini.

Mama yule tumeshamwomba radhi. Fedha zake bado. Tunaomba kamati ziidhinishwe leo.