Panya wa shambani, paka wa nyumbani na mama mjamzito

Leo tuzungumze juu ya panya. Wengi wenu mnamjua kwa kutoboa magunia ya mahindi. Lakini wako watafiti wanaomtega panya wa shambani ili wampime damu. Kwa nini?

Kuna kimelea kisichoonekana kwa macho kiitwacho toksoplazma. Kiligunduliwa mwaka wa 1908 nchini Tunisia, katika mnyama wa jamii ya panya. Panya hukipata akila kitu kilichochafuliwa na kinyesi cha paka. Paka naye akimla panya huyo, kimelea huzaana tumboni mwake, na kwa wiki moja hadi tatu paka hutoa mayai mengi katika kinyesi. Mayai hayo huweza kuishi udongoni hata zaidi ya mwaka mmoja.

Katika damu ya panya, mtafiti hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili. Akiwaona, anajua kuwa panya huyo amewahi kukutana na kimelea. Si lazima awe mgonjwa leo. Lakini ni dalili kwamba kimelea kimo katika mazingira hayo, pale unapolima na watoto wanapocheza.

Watu wengi wenye afya wakiambukizwa hawahisi lolote. Hatari ni kwa mama anayeambukizwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Mimba yaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na madhara ya macho au ubongo. Mwenye virusi vya Ukimwi ambaye kinga yake imeshuka pia aweza kuugua vibaya.

Basi mama, fanya haya:

1. Pika nyama hadi iive kabisa, isibaki na wekundu.
2. Osha mboga na matunda kwa maji safi.
3. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika udongo au nyama mbichi.
4. Kinyesi cha paka kiondolewe kila siku, kwani mayai huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Ukiwa mjamzito, mwachie mtu mwingine kazi hiyo.
5. Funika nafaka na chakula, panya wasivutwe nyumbani.

Hakuna haja ya kumfukuza paka. Mlishe chakula kilichopikwa, asipewe nyama mbichi. Nawe mjamzito, ukienda kliniki, mwulize muuguzi lolote linalokutia wasiwasi. Kwaherini, hadi kipindi kijacho.