Kuipa Sauti Njia Ndani ya Kompyuta

Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwenye semina ya makatibu wa kamati za miradi za sharika, mbele ya wageni kutoka kwa wafadhili



Tumepewa dakika ishirini kueleza kile ambacho kwenye ratiba kimeandikwa "matumizi ya kompyuta katika mikutano". Jina hilo ni pana mno. Tutasema jambo moja tu: namna ya kuelekeza sauti ndani ya kompyuta ya kawaida, ili mkutano kati ya usharika na wafadhili usikike pande zote mbili na urekodiwe wote.

Tangu mwaka 2020, korona iliposimamisha safari, mazungumzo mengi ya miradi yamehama kutoka kwenye barua na kuingia kwenye kompyuta. Katika usharika mmoja wenye mradi wa maji ya mvua, wazee walizungumza na wafadhili saa moja na nusu juu ya kipi kitangulie, mabati mapya ya paa la shule au tangi na mifereji yake. Kila upande uliondoka ukiamini kwamba hoja yake imekubaliwa. Rekodi ilikuwepo. Ilipofunguliwa, tukawasikia wazee wetu wakiuliza, kisha kimya, kisha wazee wakishukuru. Katika majibu ya wafadhili hakuna neno hata moja lililoingia. Fedha zikasubiri barua za ufafanuzi, masika ikapita tangi halijajengwa, na akina mama wakaendelea kubeba ndoo kutoka mtoni.

Hakuna aliyefanya hila hapo. Programu ya kurekodi ilikuwa imeelekezwa kuchukua sauti kwenye maikrofoni, nayo ikachukua kilichofika kwenye maikrofoni. Sauti ya wafadhili ilikuwa ikiingia moja kwa moja kwenye hedifoni za katibu. Sisi tuliokulia milimani tunaujua mfereji: maji huenda pale ulipofungua, si pale ulipotamani yaende. Kompyuta ni hivyo hivyo. Kila programu ina maswali mawili, sauti niichukue wapi na niitoe wapi, na usipoijibu itajijibu yenyewe.

Zamani kazi ya kugawa sauti ilihitaji chumba kizima. Wakubwa wetu wanaikumbuka Sauti ya Injili ya Addis Ababa, iliyoanza kutangaza mwaka 1963 na kutaifishwa mwaka 1977. Vipindi vya Kiswahili vilitengenezwa studio ya Moshi, na kanda zikasafirishwa kwenda kurushwa huko. Studio ilikuwa na mikisa, meza yenye vitufe vingi, na fundi aliyejua kila waya unakwenda wapi. Leo meza hiyo inaweza kuwa programu, na waya zake hazishikiki kwa mkono.

Programu za namna hii ni nyingi. Kwa kompyuta zinazotumia Linux, Paul Davis alianzisha JACK mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wanamuziki wameitegemea tangu hapo. Siku hizi PipeWire, iliyoanzishwa na Wim Taymans, inafanya kazi hiyo pamoja na nyingine, na mwaka 2021 Fedora iliifanya kuwa njia yake ya kawaida ya sauti. Wenye Mac wana BlackHole. Lakini kompyuta za sharika zetu karibu zote zina Windows, kwa hiyo tutakaa na Voicemeeter, kazi ya Mfaransa Vincent Burel. Ziko aina tatu. Tunapendekeza ile ya kati, iitwayo Banana, kwa kuwa ile ndogo inaleta njia moja tu ya kutoa sauti kwenda kwenye programu nyingine, na sisi tunahitaji mbili. Ile kubwa ina vitufe vingi kuliko tunavyohitaji.

Ipakueni kutoka kwa wenyewe, si kwenye flashi ya rafiki. Muweke programu mkiwa na haki za msimamizi wa kompyuta, kisha muizime kompyuta na kuiwasha upya. Wengi huruka hatua hii ya mwisho, wakahangaika mchana kutwa wakitafuta vifaa ambavyo Windows bado haijavitambua.

Ikifunguka mtaona safu tano za kuingizia sauti. Tatu za kwanza ni za vifaa vya kushikika, kama maikrofoni. Mbili zinazofuata ni za sauti zinazotoka kwenye programu nyingine. Kila safu ina vitufe A1, A2, A3, B1 na B2. Herufi A ni milango ya kwenda kwenye vitu vya kushikika, yaani spika au hedifoni. Herufi B ni milango ya kwenda kwenye programu.

Sasa tuufungue mfereji. Maikrofoni iwe safu ya kwanza, na hedifoni ziwe A1. Ndani ya Zoom, mahali pa kuchagua spika, chagueni Voicemeeter AUX Input. Hapa ndipo watu wanapotatizika, maana neno la kuingiza limewekwa mahali pa kutolea. Soma jina hilo ukisimama upande wa meza: sauti inayotoka Zoom ndiyo inayoingia mezani. Mahali pa maikrofoni ya Zoom, chagueni mlango B1. Kisha programu ya kurekodi, kwetu ni Audacity ambayo ni ya bure, ielekezeni kwenye mlango B2.

Vimebaki vitufe. Safu ya maikrofoni: washeni B1 ili wafadhili wasikie, na B2 ili irekodiwe. Safu ya AUX, yenye sauti ya wafadhili: washeni A1 ili nanyi msikie, na B2 ili irekodiwe. B1 ya safu hiyo iacheni imezimwa kabisa. Mkiiwasha, mtamrudishia mfadhili maneno yake mwenyewe, nusu sekunde baadaye, na hakuna mtu anayeweza kuzungumza kwa utulivu akijisikia mara mbili. Tukiitwa sharikani kwa sababu ya "mwangwi wa mtandao", kitufe hicho ndicho tunachokitazama kwanza.

Ile safu moja iliyobaki ya sauti za programu ina faida ambayo sisi tunaipenda kuliko zote. Wako watu wasioweza kufika ofisini siku ya mkutano: bibi anayechota maji, fundi aliye juu ya paa, mama mwenye mtoto mchanga. Katibu anaweza kuwarekodi mapema kwa simu, na siku ya mkutano akazicheza sauti zao kupitia Voicemeeter Input, safu yao ikiwa imewashiwa A1, B1 na B2. Mfadhili atawasikia wenyewe, kwa Kiswahili chao, kabla ya mkalimani kusema lolote. Mratibu kama sisi akieleza kwa niaba ya watu, kuna kitu kinapungua, hata akieleza vizuri.

Mambo mawili ya kiufundi huleta mikwaruzo. Kwanza ni kasi ya kupima sauti. Vifaa vingine hupima mara 44,100 kwa sekunde, vingine 48,000. Viwekeni vyote 48,000. Pili ni ukubwa wa fungu la sauti linaloshughulikiwa kwa mkupuo. Fungu la vipimo 256 kwa kasi hiyo huchukua kama milisekunde 5, la 1,024 kama milisekunde 21. Fungu dogo linapunguza ucheleweshaji lakini linaichosha kompyuta kuukuu. Sisi si wapiga gitaa. Milisekunde 21 hazimsumbui mzee anayeuliza bei ya saruji, basi chukueni kubwa na kompyuta ipumue. Sauti ikikatika katikati ya mkutano, kwenye menyu ya Voicemeeter kuna amri ya kuanzisha upya mtambo wa sauti, na mara nyingi inatosha.

Kwa mkutano wa watu wengi chumbani hedifoni hazifai. Tumieni spika, lakini iwe mbali na maikrofoni na isielekezwe kwake. Zoom hujitahidi kuondoa mwangwi, ila msiitegemee iifanye kazi ambayo kusogeza meza kungeifanya.

Tumeulizwa na mchungaji mmoja: Zoom si inarekodi yenyewe? Inarekodi, kwa ruhusa ya mwenye mkutano. Mwenye mkutano wetu mara nyingi yuko ng'ambo, na rekodi hubaki kwake. Tunawaheshimu wafadhili wetu waliokaa hapa mbele, nao wanajua tunachosema: usharika nao unahitaji nakala yake, kama unavyotunza kitabu chake cha hazina. Lakini msirekodi kwa siri. Mwenyekiti atangaze mwanzoni, asiyekubali aseme, na tangazo hilo lenyewe lisikike kwenye rekodi.

Saa moja ya sauti isiyobanwa, kwa njia mbili, ni kama megabaiti 690. Kwa njia moja ni nusu yake, na kwa maneno matupu njia moja inatosha. Baada ya muhtasari kusainiwa, nakala moja ikae kwa katibu na nyingine dayosisini.

Kwa wageni wetu, neno la gharama. Msitutumie mikisa zilizotumika ndani ya kontena. Tunazo tayari, nyingine ni za volti 110, zimekaa stoo. Kinachohitajika ni maikrofoni moja nzuri ya kuchomeka kwa USB kila usharika, betri ya akiba ya kompyuta kwa siku za umeme wa mgao, na nauli ya mkufunzi. Voicemeeter mtu huweza kuipakua na kuijaribu bure, lakini watengenezaji wanaomba anayeitumia kikazi alipe, na sisi tumeiweka kwenye bajeti. Iko pia hoja ya kompyuta zenyewe: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na zile zisizokubali Windows 11 ndizo tutakazoanza kuzijaribu kwa Linux.

Kompyuta iko pale mezani, imezimwa kwa makusudi. Makatibu wasogee wawili wawili, waanze na wa sharika za mbali wanaowahi basi. Wa kwanza awashe, aweke maikrofoni kwenye safu yake, na mwenzake aende chumba cha pili na simu kutuambia anasikia nini.