Likizo ya Mwalimu wa Fizikia



Kila likizo ya katikati ya mwaka inapokaribia, hapa na pale huandaliwa mafunzo kwa walimu wa sekondari. Leo nataka tuzungumzie mafunzo ya walimu wa fizikia, na hasa namna yanavyopangwa, kwa sababu mengi huharibikia mezani kabla mwalimu hajapanda basi.

Kwa kazi hii ya utangazaji nimehudhuria ufunguzi wa semina nyingi sana, na utaratibu wake naujua. Kwanza hutafutwa ukumbi, kisha mgeni rasmi, kisha chai, fulana na kofia. Ratiba huja mwisho, na kila mhadhiri huingiza humo mada anayoipenda mwenyewe. Mwalimu anakaa siku tano akiandika. Anarudi shuleni kwake na daftari lililojaa, lakini mikono yake haijagusa waya wala betri.

Wamarekani walianza shughuli hii zamani. Tangu mwaka 1953 Shirika lao la Taifa la Sayansi lilikuwa likigharamia mafunzo ya walimu vyuo vikuu wakati wa kiangazi. Warusi waliporusha Sputnik, tarehe 4 Oktoba 1957, jambo hilo likawa la haraka na fedha zikaongezwa sana. Mwalimu alikaa chuoni majuma kadhaa, akapewa posho ya kujikimu, na nyongeza kwa ajili ya watu wanaomtegemea nyumbani. Hiyo nyongeza ndiyo iliyonivutia. Waliopanga walielewa kuwa likizo ya mwalimu si muda wa bure. Mwalimu huitumia kutafuta riziki. Hapa kwetu likizo ndiyo shamba, ndiyo kuku, ndiyo kwenda kumwona mama kijijini. Ukimwita mwalimu kwa nauli tu, atakuja mwili, akili itabaki kwenye mahindi.

Wakati huo huo, kuanzia mwaka 1956, kamati iliyoongozwa na Jerrold Zacharias wa chuo cha MIT ilikuwa ikiandika upya somo la fizikia la sekondari. Kitabu kilitoka mwaka 1960, pamoja na filamu, mwongozo wa mwalimu, na vifaa ambavyo makusudi vilifanywa rahisi: vigari vidogo, na beseni la maji la kuonyeshea mawimbi. Mtu anayedhani Wamarekani walijivunia mashine kubwa tu na aliangalie beseni hilo.

Majirani zetu wa Kenya nao walianza mwaka 1998, kwa msaada wa Wajapani, mradi ulioitwa SMASSE. Walijaribu kwanza katika wilaya chache, halafu wakaueneza nchi nzima. Walimu wa hisabati na sayansi walikutana wakati wa likizo, na mkazo ulikuwa mwanafunzi atende mwenyewe, na mwalimu abuni vifaa kutokana na vilivyopo. Mafunzo hayakuwa ya mara moja. Mwalimu alirudi tena na tena kwa awamu.

Sisi tunacho kisa chetu wenyewe, na kila mpanga mafunzo angepaswa kukijua. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba, kijana Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akatia maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale yaliyokwisha kupoa. Alimwuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na swali lake likafanywa mzaha. Ndipo alipofika mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi walicheka Mpemba alipouliza. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam, akaagiza jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao wakaandika makala pamoja, na hadi leo wataalamu wanabishana iwapo jambo lenyewe ni kweli, na kwa nini.

Wale walimu wa kwanza sidhani walikuwa watu wabaya. Mtu ambaye hajawahi kufanya jaribio kwa mikono yake huliogopa swali lisilokuwemo kitabuni. Woga huo ndio ugonjwa ambao mafunzo ya likizo yanatakiwa kuutibu, na mhadhara hauutibu.

Kwa hiyo ningependa asubuhi ya kwanza kila mwalimu apewe kamba, jiwe na saa. Aning'inize jiwe kwa kamba ya mita 1, alibembeze kidogo, ahesabu kwenda na kurudi mara 20. Atapata sekunde 40 hivi, na kutokana na hizo atakokotoa nguvu ya mvutano wa dunia bila kuazima kifaa cha mtu. Halafu jirani yake apate sekunde 46, na wabishane kosa liko wapi. Mabishano hayo yana faida kuliko hotuba ya ufunguzi.

Ningependa pia waitwe wawili kutoka shule moja. Mmoja akirudi peke yake, wenzake humwona analeta mambo ya semina. Na mwalimu mwenye mtoto mchanga awekewe mahali na mtu wa kumshikia mtoto. Wanawake wanaofundisha fizikia ni wachache, tusiwapunguze kwa sababu ya kitanda.

Mnakumbuka mwaka 2014 wananchi walivyochangishwa kujenga maabara kwenye sekondari za kata, tatu kwa kila shule. Watu walitoa fedha, mchanga, hata nguvu zao. Maabara isiyo na mwalimu anayejiamini haichukui muda kugeuka stoo ya madawati mabovu, na aliyebeba mchanga ana haki ya kuuliza.

Basi wanaopanga mafunzo ya likizo ijayo waanzie mwisho wa ratiba: siku ya kufunga, kila mwalimu aondoke na sanduku la vifaa alivyovitengeneza mwenyewe, na tarehe ambayo mkufunzi atakuja kumwona darasani kwake akivitumia. Nauli ya mkufunzi huyo iandikwe kwenye bajeti sasa. Kama fedha hazitoshi, zikatwe kwenye fulana.