Karma na Hiari ya Mwanadamu

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, jioni ya pili ya sherehe)



Halmashauri imeniomba nizungumzie swali ambalo watoto wetu wa darasa la Jumapili hawachoki kuliuliza. Ikiwa karma ndiyo ituleteayo kila jambo, je, mwanadamu ana hiari yoyote? Mimi si mwanachuoni wa Kisanskriti. Ni mfanyabiashara mstaafu, nami nitasema kwa kadiri ya usomaji wangu, ambao ni mdogo, na makosa yangu, ambayo si madogo.

Tunapoitaja Mahabharata wengi wetu humkimbilia Arjuna. Katika jambo hili mimi naona mwalimu wetu wa kwanza, kwa ubaya wake, ni Dhritarashtra, mfalme kipofu. Ulipopangwa mchezo wa dadu wa kumnyang'anya Yudhishthira ufalme wake, neno moja la Dhritarashtra lingetosha kuuzuia. Vidura, ndugu yake, alimwonya waziwazi kwamba mchezo ule utauangamiza ukoo mzima. Mfalme akajibu kuwa yote yamo mikononi mwa majaliwa, kisha akamtuma Vidura yule yule kwenda kuwaalika Wapandava. Tazameni ni nani aliyeyataja majaliwa: si mnyonge aliyebanwa, bali mwenye kiti cha enzi.

Yudhishthira naye alikuja akishikilia kwamba mwaliko wa namna ile haukataliki. Akacheza, akapoteza mali, akapoteza ndugu zake, akajipoteza mwenyewe, na mwisho akampoteza Draupadi, mkewe. Draupadi aliburutwa kwa nywele hadi barazani, na mbele ya wazee wote akauliza: mume wangu alijipoteza yeye kwanza, au alinipoteza mimi kwanza? Mtu asiyejimiliki ana haki gani ya kumweka mwingine dau? Bhishma, mjuzi wao, alisema dharma ni jambo lenye wembamba mno, akashindwa kutoa hukumu. Nimesoma machache ya wanafalsafa kuhusu hiari, na sijaona aliyeliuliza swali hili vizuri kuliko mama huyu. Hakuuliza kama wanadamu wote wako huru. Aliuliza mtu huyu aliacha kuwa huru saa ngapi, na kwa nini anayelipa ni mwingine.

Tunalisahau mara nyingi lililofuata. Dhritarashtra aliingiwa na hofu, akamruhusu Draupadi aombe atakacho, na Wapandava wakarudishiwa kila kitu. Wakaondoka. Wangali safarini wakaitwa warudi kwa mchezo mmoja zaidi, na Yudhishthira akarudi, akijua fika kinachomngoja. Miaka 12 ya msituni na mwaka 1 wa kujificha ilitokana na mchezo huo wa pili. Kwa ule wa kwanza naweza kumhurumia.

Mjukuu wangu, anayesoma sayansi, hunicheka ninapoeleza haya. Hunikumbusha utafiti wa Benjamin Libet wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1983. Watu waliombwa wakunje mkono wakati wowote watakao. Vyombo vikaonyesha kwamba ubongo huanza kujiandaa yapata nusu sekunde kabla ya tendo, ilhali wenyewe waliihisi nia yao karibu sehemu moja ya tano ya sekunde kabla. Basi, husema mjukuu wangu, hiari imekwisha. Mimi humjibu kwamba Libet mwenyewe hakufika huko; aliamini kuwa katika kile kitambo kifupi mtu bado aweza kujizuia. Wataalamu wangali wakibishana juu ya maana ya vipimo vile, nami sina sauti katika ubishi huo. Najua tu kwamba Yudhishthira alikuwa na njia nzima ya kujizuia, si sehemu ya sekunde.

Walimu wa Vedanta huigawa karma mafungu matatu na kuifananisha na mishale. Kuna iliyomo podoni, ndiyo matendo yaliyolimbikizwa. Kuna uliokwisha kuachwa upinde, nao haurudishwi: mwili tuliozaliwa nao, wazazi wetu, zama zetu. Na kuna ulio mkononi sasa hivi. Katika sura ya 18 ya Bhagavad Gita Krishna anamwambia Arjuna kwamba hata akikataa kupigana, maumbile yake yatamsukuma vitani. Aya chache mbele anamwambia ayatafakari yote aliyoyasikia, kisha atende apendavyo. Kauli hizi mbili zilinisumbua tangu ujana. Siku hizi nazisoma pamoja: msukumo upo, na bado ameachiwa mkono wake.

Sasa niseme kilichonifanya niukubali mwaliko huu.

Nilipokuwa na miaka 16, marehemu baba yangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Tanga. Ngazi ya ghalani ilipata ufa katika kipandio cha nne. Baba aliniagiza niipeleke kwa seremala. Siku ile kulikuwa na mechi ya kriketi; nikaufunga ufa kwa kamba, nikaenda zangu. Wiki mbili baadaye hamali wetu, mtu mzima mwenye watoto, alipanda kuteremsha makopo ya rangi, akaanguka, akavunjika paja. Jioni ile nyumbani mzee mmoja mgeni wetu alitikisa kichwa na kusema, maskini, ni karma yake ya zamani. Watu wote sebuleni wakaitikia. Nami niliitikia. Sijapata kusikia neno la dini likinipumzisha moyo kama lile, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Baba aligharimia matibabu na mshahara wake haukukatwa. Alirudi kazini akichechemea. Mimi nilinyamaza kwa zaidi ya miaka 20, hadi siku nilipopata habari kwamba anaumwa, nikaenda kwake. Nikakaa kitini kando ya kitanda chake, nikamweleza: kamba, kriketi, kuitikia kwangu.

Alinisikiliza, kisha akacheka kidogo.

"Ule ufa niliuona, bwana mdogo," akasema. Alikuwa bado akiniita hivyo, nami nina mvi. "Niliuona tangu siku ya kwanza. Lakini ningekataa kupanda, kazi ile ingekuwa yangu tena?"

Nimezisoma tafsiri kadhaa za Gita, na sijaona mahali pa kuliweka jibu lile. Sote wawili tuliuona ufa ule ule. Mshale wangu ulikuwa mkononi wiki mbili nzima. Wake, sijui hata kama aliwahi kupewa upinde. Vijana wetu wanapouliza kama mwanadamu ana hiari, natamani waulize pia, kama alivyouliza Draupadi, ni mwanadamu yupi, na amesimama wapi kwenye ngazi.